Kamba Aliyoichagua Cornel

Jumapili, 3 Novemba 2024

Padri amekuja baada ya misa ya pili, akanipaka mafuta ya wagonjwa. Nimeungama yote isipokuwa moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza pamoja na hostia.

Lenyewe ni hili: namwonea wivu shemeji yangu Cornel. Si wivu wa kupita. Nalala nao, naamka nao, na nadhani utanizika.

Hosiana ni binti yangu wa pekee. Ana Landkruza yenye winchi, na kazi yake ni kuvuta magari yaliyonasa kwenye tope la mbuga, Segese na machimbo ya karibu. Ile kazi niliijua kabla hajazaliwa. Nilizunguka Geita nzima na Land Rover ya serikali nikipima miamba, na mara nyingi ni winchi iliyonirudisha kwa mama yake. Lakini aliyemfundisha ni Cornel. Mimi nilikuwa porini, baadaye nikawa ofisini Dodoma. Mjomba alikuwepo. Ndiyo maana hadi leo kila habari yake huanza na "Mjomba kasema."

Hata marehemu mke wangu, Paskazia. Siku zake za mwisho aliuliza kwanza kama kaka yake amefika. Mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Haya. Nimeliandika. Padri hawezi kulisoma humu.


Jumatano, 6 Novemba 2024

Hosiana amekuja hapa kwangu Kambarage asubuhi. Shikamoo, marahaba, dawa umekunywa? Nimekunywa. Akakaa kitandani kwangu, akanionyesha picha za winchi mpya kwenye simu. Nikafurahi kupita kiasi. Nikamwambia asidanganyike na rangi: chukua uzito wa gari lako likiwa na mzigo, ongeza nusu yake, hapo ndipo winchi inaanza. Tena usisahau tope. Gari lililozama lina uzito wa gari na wa dunia inayolishikilia. Na betri iwe nzima, maana winchi hunywa umeme kama ng'ombe wa Novemba.

Alikuwa ananisikiliza kweli. Nimemwona.

Kisha akasema: Mjomba kasema winchi iliyopo bado nzuri. Waifungue, waisafishe, watie grisi mpya. Ila waya utolewe. Nyuzi zimeanza kukatika, zinachoma viganja. Waweke kamba laini ya kisasa.

Nikautetea waya. Nimeutetea kwa nguvu ambazo daktari amenikataza kuzitumia. Waya ni chuma, waya hauogopi jua wala mawe, kamba ni ya kufungia mbuzi. Moyo ukaanza kwenda mbio, Ritha akaja kunilaza. Huyu Ritha ni mjane anayenitunza. Hana subira na wazee wabishi.

Sasa niko peke yangu, niseme kweli. Kamba ni bora. Ni nyepesi, haichomi, na ikikatika haichapi mtu kama waya. Ningekuwa mimi ninayechagua ningeichagua hiyo hiyo. Kosa lake ni kwamba Cornel aliitaja kwanza.


Jumamosi, 9 Novemba 2024

Wamefanya kazi hapa hapa uani. Nimewekwa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, kama mwali.

Cornel kaja kutoka Kahama, anakouza spea. Kofia mpya. "Mwangaluka, mjiolojia!" — salamu ya asubuhi, saa saba mchana. Mtu wa Chato huyu, anakivaa Kisukuma chetu kama kofia ya kuazima, na watu wanampenda kwa hilo. Akamwambia Ritha, kwa sauti ya kufika kwa jirani, kwamba mtoto wa dada yake ni wake. Mimi nilikuwa mlinzi tu, tena mlinzi wa zamu, na zamu yenyewe sikuonekana. Ritha akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Nikamjibu kwamba Chato hata sato wanawavuta kwa winchi, kwa uvivu. Wakacheka zaidi. Utani wa mashemeji, mtu hawezi kukasirika. Ndiyo maana unauma vizuri.

Wamefungua mota, wakapuliza vumbi, wakasugua vichwa vya betri vilivyoota ukungu wa kijani. Nikasema grisi isizidi. "Sawa, mzee wangu," kasema Cornel, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Nikataka kumwonyesha Hosiana namna ya kuvingirisha kamba kwenye ngoma ya winchi ikiwa imekazwa, ili siku ya mvuto mkubwa isizame katikati ya mizunguko ya chini. Alikuwa tayari ameifunga kwenye pikapu ya Cornel na kuikaza. Mjomba kamfundisha.

Walipomaliza wakaenda kunawa. Nikajikongoja na fimbo hadi kwenye gari.

Mbele ya ngoma kuna rola nne za chuma. Kamba hupita katikati yake. Hawakuzibadilisha. Nimepitisha kidole gumba. Waya ulizichimba miaka yote hiyo, zimeota vijino vikali. Kwa waya si neno. Kwa kamba laini ni wembe. Ukivuta gari lililo mbele yako moja kwa moja, kamba inazigusa kidogo tu. Ukivuta kwa upande inajibana kwenye rola, na vijino vinaikata uzi baada ya uzi. Dawa yake ndogo: ng'oa rola, funga ile pua laini ya alumini inayouzwa na kamba. Au walau msasa, pale pale.

Nikarudi kwenye kiti. Wakatoka ndani wanacheka, Hosiana kamshika mjomba wake bega. Wakasimama kidogo karibu na gari. Nikaona nisiwakatize. Kisha wakapanda, wakaondoka, kabla sijasema.

Nitampigia kesho.

Ritha kaona damu kidoleni. Nimemwambia ni kisu cha papai.


Jumanne, 12 Novemba 2024

Miguu imevimba, viatu havinitoshi tena. Nimesahau kumpigia Hosiana habari ya rola. Hizi dawa za kutoa maji zinatoa na akili.


Alhamisi, 14 Novemba 2024

Cornel kaniletea sato wakavu, kwa mkono wa dereva wa basi. Katuma salamu kwamba hawa hawakuvutwa kwa winchi.

Ritha kawapika kwa karanga. Nimeapa moyoni sitakula. Nimekula sahani mbili. Wazuri sana, na hilo ndilo baya.


Jumapili, 17 Novemba 2024

Hosiana kapiga simu baada ya misa. Sauti yake ilikuwa juu! Ametoa kenta ya viazi Segese, imezama hadi kwenye ekseli. Kamba haikulia hata kidogo. Wachimbaji walipiga makofi, wakamwuliza kamba hiyo inapatikana wapi, naye akawapa namba ya Mjomba. Sasa Mjomba ataagiza nyingine za kuuza.

Nikamwuliza gari lilikaaje. Mbele yangu kabisa, baba, limenyooka.

Bila shaka.

Akasema pia aliweka gunia la mchanga juu ya kamba, ili ikikatika ianguke chini isiruke. "Kama ulivyonifundisha kule Rwamgasa, nilipokuwa mdogo." Sikukumbuka kumfundisha. Nilikumbuka nilimfukuza asisogelee, nikalitupa gunia langu juu ya waya. Kumbe alitazama.

Ningeweza kushika neno hilo moja nikafa nalo vizuri. Lakini nilikuwa bado naisikia ile namba ya Mjomba. Tukaongea juu ya mvua, juu ya miguu yangu, juu ya mbuzi wa jirani aliyekula mchicha wa Ritha. Nikasahau tena rola.

Ritha kaniuliza mbona nimeiweka simu chini kwa hasira. Sina hasira.


Jumanne, 19 Novemba 2024

Sikutoka kitandani. Padri alituma mtu kuuliza kama namhitaji. Nikasema bado.

Nimekuwa nikiliwaza jambo, na kuwaza si kutenda. Naiona kamba ikikatika mahali pa wazi. Hakuna mtu karibu. Gari linarudi topeni taratibu, kama ng'ombe anayelala. Hosiana anamgeukia Cornel: Mjomba, ulikagua? Cornel anaivua ile kofia yake. Hana mzaha wa kutoa. Halafu Hosiana anatoa simu, ananipigia mimi. Anasema, baba, tungekuuliza wewe.

Naishia hapo kila mara. Kisha naanza upya, tangu kamba.


Alhamisi, 21 Novemba 2024

Mvua tangu alfajiri.

Niliamka saa nane mchana. Ritha kaniletea uji, akasema Hosiana alipiga nikiwa nimelala, hakutaka niamshwe. Fuso iliyobeba mawe ya kusagwa kwenye karasha imeteleza njiani, nje ya Segese. Imeegemea ukingo wa duara la zamani, shimo ambalo hakuna anayejua chini yake kuna nini. Dereva hawezi kutoka. Akihama upande, gari linahama naye. Wamemwita Hosiana kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Nikamwuliza Ritha atavutaje. Atajuaje Ritha? Lakini alijua, maana aliambiwa aniambie:

"Kasema mbele hakuna pa kusimama, ni shimo tupu. Atavuta kwa upande. Kasema gunia ataweka, usiwe na wasiwasi."

Uji ulimwagika. Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Ritha akauliza nini, mzee, nini.

Kutoka hapa hadi Segese, kwa mvua hii, hata ningekuwa na miguu ningefika usiku. Kahama ndiko karibu nako. Kahama kuna mtu mmoja ninayemjua mwenye gari la kupita kwenye tope.

Nikampigia Cornel. Akaanza na mwangaluka yake. Nikamkata.

"Zile rola zina meno," nikasema. "Hosiana anavuta kwa upande sasa hivi. Zitaikata kamba."

Nikaisikia mvua ya kwao juu ya mabati.

"Lakini wewe ulizikagua, shemeji," akasema. "Nilikuwa mlangoni, nanawa. Nilikuona ukipitisha kidole. Hosiana alitaka kuja kukushika usianguke, nikamzuia. Nikamwambia mwache mzee amalize, yeye ndiye anayejua. Tukaja tukasimama pale kwenye gari tukusikie. Ulivyokaa kimya nikamwambia basi, mzee kapitisha, twende."

Hakuwa na utani hata chembe. Wala hakuwa na lawama. Alikuwa anauliza, kama mtu aliyepotea njia anayemwuliza mwenyeji.

Nikamwambia nilisahau. Nikamwambia ni dawa.

"Ni uzee, kaka," akasema. Miaka yote hajawahi kuniita kaka. "Usijitese. Natoka sasa hivi. Wewe endelea kumpigia." Nikasikia mlango wa gari, na injini.

Basi walisimama pale kunisubiri. Uani kwangu, mikono bado ina maji, wote wawili. Nami niliona wanacheka tu. Kamba ile ilitoka hapa kwa idhini yangu. Kila alipovuta, alivuta kwa kidole changu hiki.

Saa tisa na nusu. Ritha yuko mlangoni, mdomo kauziba kwa khanga, naona ameshaelewa. Nimemwomba amwite padri. Kasema daraja limefunikwa na maji, padri hatafika leo. Simu iko juu ya blanketi. Nikimpigia Hosiana, yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwa upole. Cornel hajapiga.

Nimefungua kurasa za nyuma. Mara mbili nimeandika humu kwamba nilisahau, na leo nimemwambia mtu hivyo kwa mdomo wangu, naye akanihurumia.

Sikusahau. Sikusahau siku ile, wala siku moja kati ya zilizofuata. Nilikuwa nikiamka nazikumbuka rola kabla ya kumkumbuka Mungu.

Nilitaka ikatike.