Njugu Mawe Zako Nimezing'oa Mie

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila ningeanza bila shikamoo ungenisonya.

Ile kazi yako ya bustani pale kwenye hifadhi ya nyumba za kale wamenipa mie. Sikuitaka. Zuhura ana miezi minane na baba yake ndo vile tena, unamjua. Namfunga mwanangu mgongoni, nashika jembe lako. Nyuma ya nyumba ya udongo ya watu wa kusini nilikuta kila kitu kama ulivyoacha: mtama, kunde zimeupanda mtama, mlenda umejiotea wenyewe, na matuta ya njugu mawe, mbegu uliyotoka nayo Newala kwenye pindo la kanga.

Mwezi uliopita kaja msimamizi mpya. Kijana msafi, raba nyeupe. Akainama kwenye njugu, akageuza majani.

"Dada, hii kitu ina muda gani hapa? Mbona haizai?"

Mama, nilicheka. Nikamwambia, bosi, hiyo inazalia chini. Akadhani namtania.

"Mnanifanya mie mtoto? Ng'oa. Wageni wanakuja kupiga picha, siyo kuangalia magugu."

Nikang'oa.

Nakwambia mwenyewe. Niling'oa kwa mikono hii, Zuhura kalala mgongoni, na kila shina lilitoka na vitoto vyake vyeupe, laini, hakuna hata kimoja kilichokomaa cha kuweka mbegu. Alipoviona akasema, "Kumbe!" Basi. Kumbe. Kesho yake ikaja miche ya kabichi, ikapangwa mistari kama askari wa gwaride, na kibao juu: Bustani ya Mababu Zetu. Babu gani wa Newala alilima kabichi?

Na wewe nina hasira nawe. Miaka yote umeinama pale, mgongo ukaisha, na msibani kwako hakutokea hata mmoja wa hao wa hifadhi. Tena hukubakisha hata kopo la mbegu nyumbani. Nikikuuliza jambo, "Utajua ukilima." Haya, nimelima. Nimejua mbegu zimekwisha.

Kesho wanakuja wanafunzi. Nimepewa karatasi nisimame mbele ya kabichi niwasomee: hivi ndivyo walivyolima wazee wetu. Nisiposoma, kazi sina. Msimamizi ameshaniambia wanaoitaka wapo wengi. Na uji wa Zuhura unatoka humo humo.

Sisomi, mama. Nakuahidi. Kung'oa nimeng'oa, niliogopa. Lakini kukuzika mara ya pili kwa mdomo wangu siwezi. Nitawaambia wale watoto hapa palikuwa na njugu mawe, zinazaa ndani ya udongo, mama yangu ndiye aliyezilima, na mie ndiye niliyezing'oa. Wakinifukuza, wanifukuze. Kufua nguo za watu naweza.

Nakuacha hapo. Mjukuu wako kaamka, ana njaa.

Mwanao,
Somoe