Ekiru Haanguki Tena

Mama yangu mpendwa,

Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Huko Burat mmepata mvua? Hapa Nairobi imenyesha mpaka viatu vyangu vya kazini havikauki. Mimi ni mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu. Anayekusomea asiharakishe.

Upasuaji wa kaka Ekiru ulienda vizuri. Daktari alinieleza kwamba ile homa ya uti wa mgongo aliyougua akiwa mtoto ilimwachia kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo lililokuwa likimwangusha miaka yote hii, hata siku ile alipoangukia moto kule malishoni. Sasa wamelitoa. Tangu hapo hajaanguka. Anaoga peke yake, na anakula kama wale askari wa kambi ya hapo kwetu. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini kuna jambo, Mama. Daktari alituonya mapema kwamba kovu limekaa karibu na mahali ubongo unapoweka majina. Ekiru mwenyewe alimjibu, "Toa tu, daktari. Nimechoka kuokotwa." Sasa kijiko anakiita "hii ya kukulia". Hayo tungeyazoea. Ila juzi nilimwimbia wimbo wa Lomeri, maksai wake, nikidhani ataudaka. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo ng'ombe ni wa nani?" Nilijifungia chooni nikalia. Ng'ombe aliyemlea tangu ndama, Mama! Na jina la ng'ombe huyo ndilo hata wenzake wa rika humwita yeye!

Daktari anasema mengine huenda yakarudi, mengine basi. Kwa hivyo vijana wakija kumpokea kwa wimbo huo, waimbe, lakini wasinyamaze wakimngoja aitikie. Nawe usimjaribu kwa maswali. Naumia sana, ila sitasema tulikosea.

Nisalimie mjomba anayetuchungia mifugo, na mke wa mchungaji wa kanisa aliyekesha akituombea. Mwambie dada yangu mdogo asiache shule.

Ekiru pia anakusalimu. Nilimwonyesha picha yako, akaishika muda mrefu. "Huyu ni wetu," akasema. "Tunamwitaje?"

Nikamwambia, "Mama." Akawa analirudia polepole, asije akalipoteza.

Binti yako,
Akai