Vifuu Viwili Kwenye Mpera Wako

Kibwana, mtani wangu,

Leo nimetoboa kifuu. Nimetumia msumari wa moto kama ulivyonifundisha, na kazi imenimaliza asubuhi nzima, maana mikono haishiki tena. Tundu la kwanza limekwenda upande. Ungeliona ungesema, "Mnyamwezi ni wa kubeba mizigo, bwana, kazi ya mikono tuachie sie Wazaramo." Nimejisemea maneno hayo kwa sauti yako. Binti yangu akauliza kutoka jikoni, "Baba, unaongea na nani?" Nikaendelea kutoboa.

Wananificha jambo. Daktari huzungumza na wanangu mlangoni, na wakirudi kitandani pangu wanatabasamu. Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Namjua mtu aliyeshika kitu nyuma ya mgongo. Kwa hiyo nakuandikia sasa, wakati kalamu bado inanitii.

Unaukumbuka mwaka ule wa foleni, tulipokula unga wa njano, na wenyewe tuliupata kwa kuamkia duka la ushirika. Watoto wangu walikunywa uji mwepesi kama maji ya mchele. Na kila asubuhi, nikiwa dirishani, nilikuona ukienda kwenye mpera wako na kumimina nafaka katika kifuu. Shomoro na chiriku walishuka, wakala, wakamwaga nyingine chini. Nilizitazama zile punje chini. Nilizitazama sana, Kibwana.

Siku moja nikakuuliza juu ya ua wa minyaa, "Nafaka hii unaitoa wapi?"

Ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Nina ghala chini ya kitanda, mtani! Magunia saba! Njoo uibe, si ndiyo kazi yenu?"

Usingemwambia mtu mwingine hivyo mwaka ule, wenye kuficha chakula walipokuwa wakikamatwa. Uliniambia mimi kwa sababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na kati ya watani neno halina kesi. Hata mtoto analijua hilo. Nami nililijua. Lakini tangu siku ile nilianza kusikiliza. Nilisikia kitu kikiburutwa chumbani kwako. Nilimwona mkeo Mwanahawa amefunika kapu kwa khanga. Nduguzo walikuja na baiskeli kutoka Kisarawe, mzigo umefungwa kwa makuti. Kila kitu kikawa shahidi wangu. Hata ulivyonisalimia kwa furaha nilikutilia shaka: mtu mwenye njaa hafurahi hivi.

Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akataka maneno yawe kwenye karatasi, nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: amekiri kwa kinywa chake kwamba ana magunia saba. Sikuandika kwamba sisi ni watani. Sikuandika kwamba ulicheka.

Walikuja Alhamisi. Nilisimama nyuma ya pazia. Walitoa debe moja la fagio, yale makombo ya sakafuni kwenye ghala ulikokuwa kuli, nusu yake mchanga, uliyokuwa ukiyapepeta kwa ajili ya ndege. Na nusu gunia la mchele, ule wa baiskeli, ambao nduguzo walileta kwa arobaini ya mama yako. Wakauchukua mchele. Wakakuchukua na wewe, siku tatu, na uliporudi ulikuwa umefutwa kazi. Arobaini ya mama ikasomwa kwa mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Nilikuja. Nilikaa kwenye mkeka wako nikala.

Baada ya hapo shaka yangu iligeuka, ikanielekea mimi. Hukuuliza kitu. Juma lililofuata ulikuja barazani kwangu na vifuu viwili na kamba ya katani. "Na wewe upate ndege wako, Mwalimu." Ukanionyesha: kifuu cha chini kiwe sahani, kitobolewe kitako ili mvua isiozeshe nafaka. Cha juu kiwe paa, kikae karibu, kunguru asipate pa kupitishia shingo. Kijiti kipenye ubavuni, ndege apate pa kukanyaga. Kamba ipakwe grisi kuzuia sisimizi. Nami nikiangalia vidole vyako nilijiuliza, anataka nini huyu?

Ndipo ukasema, bila kuniangalia, "Kule kituoni walinionyesha karatasi. Mwandiko mzuri! Kama wa ubaoni."

Ukacheka.

Kibwana, ni mimi niliyekufundisha kusoma, katika darasa la watu wazima, wewe na Mwanahawa kwenye benchi moja. Mwandiko wa ubaoni ulikuwa wangu. Je, ulijua? Kicheko kile kilikuwa utani, au ulikuwa umenishika ukaniachia? Ulipoondoka uliniambia, "Ukitaka ndege waje, usiwachungulie." Neno hilo nimelipindua miaka yote, kama mtu anayekagua sarafu anayodhani ni bandia.

Ulipokufa, mazikoni wote walinitazama mimi. Mtani ndiye hulala njiani kuzuia jeneza, humtukana marehemu, huwachekesha wafiwa mpaka wapumue. Nilisimama kama mti. Mzee mmoja akasema, "Leo mtani kameza ulimi." Mwanahawa akaniangalia kwa muda mrefu. Mpaka leo sijui aliona nini.

Huku kumebadilika. Mpera wanao wameukata wakajenga vyumba vya kupangisha. Ua wa minyaa sasa ni ukuta wa matofali, siwezi kuona kwenu hata nikitaka. Labda ni vizuri. Vifuu ulivyonipa vilipasuka zamani. Nilivificha darini wala sikuwahi kuvitundika. Hivi vya leo ni vyangu, na tayari vinaning'inia kwenye msumari wa baraza.

Barua hii sitakwenda nayo kaburini. Kesho nitamwita Mwanahawa nimpe mkononi, aisome mbele yangu. Akitaka kunitemea mate, nitakuwa nimelala, hatapata shida kunilenga. Na nitamwomba jambo moja: siku yangu ikifika, watoto wenu waje kama watani. Wazuie jeneza langu. Wasimame juu yake waisome barua hii kwa sauti, mbele ya wanangu, mbele ya wachungaji, neno kwa neno. Hakuna atakayewashitaki. Safari hii nimeandika kwamba ulicheka.

Buriani, mtani. Nimemimina nafaka, ulezi safi, si fagio. Ndege bado hawajaja. Nimegeuza kiti, mgongo nimeuelekeza dirishani, na ninasikiliza tu.

Mpagazi wako,
Mwalimu