Oili ya Gia na Mkono wa Luvanda

Kambi ya Kondoo, mbele ya Njombe
Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka hapo Kwihara, wewe na mama na wote wa nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje? Mama bado anakuficha tumbaku? Mimi mwanao Shija mwili ni mzima, ila moyo hauna raha hata kidogo. Dada Dotto, wewe unayemsomea baba, soma yote. Usije ukaruka mahali kwa kunionea huruma, nakufahamu.

Baridi ya huku nilishawaeleza. Asubuhi majani ni meupe, umande umeganda, ukikanyaga unalia kacha kacha. Viazi asubuhi, viazi jioni, asali ya kwetu nimebaki kuiota. Kazi ni ile ile: serikali imenipa bunduki niwalinde kondoo wa vijiji vya ujamaa wasiliwe na chui. Nalinda na mwenyeji mmoja, Luvanda, mtu wa makamo, mcheshi. Yeye ana mkuki, mimi bunduki. Ndiye aliyenipa blanketi lake siku niliyofika nikitetemeka kama kifaranga kilicholowa.

Sasa sikiliza, baba. Mafuta ya bunduki yaliniishia tangu masika. Nikaomba bohari, jibu likawa ngoja. Ningoje hadi lini? Nikakumbuka gobori lako, na jinsi ulivyokuwa ukiwaomba oili madereva wa malori pale Tabora. "Gari chuma, bunduki chuma, vyote vinataka mafuta," ulikuwa ukisema. Na kweli, sikuwahi kuliona gobori lile likigoma mbele ya nguruwe pori. Basi nikamwomba dereva wa trekta la kijiji, akanijazia kopo la oili ya gia, ile nzito.

Luvanda aliponiona akauliza, "Bwana Nyama, hiyo si ya trekta?" Ndivyo wanavyotuita askari wa wanyamapori. Nikamcheka. Nikamwambia sisi Wanyamwezi tumeshika bunduki tangu enzi za misafara, mtu wa mkuki atanifundisha nini? Nikaipaka kila mahali, mpaka ndani kabisa, kwenye kile kijiti cha chuma kinachoruka kugonga kitako cha risasi. Bunduki ikawa laini, inang'aa. Nikajiona fundi, mjinga mimi!

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, ukungu haujaondoka, tulifuata damu ya kondoo hadi bondeni. Chui akatokea ubavuni mwa Luvanda. Nilikuwa hatua sita tu. Nikalenga, nikafyatua. Tk. Nikakoki upya, risasi ya kwanza ikaangukia majanini, nikafyatua tena. Tk. Luvanda yuko chini anaita, "Piga! Piga, ndugu yangu!" Nikageuza bunduki, nikamshindilia chui kwa kitako mpaka akamwachia na kukimbia. Lakini mkono wa kulia wa Luvanda ulikuwa umeshasagika kuanzia kiwiko kushuka. Huko hospitali wakaukata.

Siku ya tatu niliifungua bunduki nikiwa peke yangu. Oili ilikuwa imeganda kama samli, na kile kijiti kinajikokota badala ya kuruka. Nikaiweka karibu na moto ikapata joto. Kisha nikatia risasi ile ile iliyogoma, nikaelekeza kwenye kilima. Ikalia, baba! Mlio ule ulinikalisha chini, nikalia mtu mzima.

Kumbe miaka yote ni joto la Tabora lililokuwa likitusitiri. Usijilaumu hata kidogo. Wewe hukuwahi kuona umande umegeuka barafu, na gobori lako liendelee kupakwa kama kawaida, huko linafaa. Mimi barafu nilikuwa naikanyaga kila siku, tena niliulizwa, nikacheka.

Siku ya tano mkubwa wangu wa kazi akaja kutoka wilayani. Akaziangalia risasi, akasema zimekaa mno bohari, ni mbovu. Akaandika hivyo, akanisogezea karatasi. Nikatia sahihi. Akaniita shujaa mbele ya watu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi nikakaa pale napokea pole za kijiji kizima, na jogoo wakanichinjia.

Jana nikaenda hospitali kumwona. Luvanda akajiinua kitandani, akaanza kunishukuru eti nimempigania. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, oili, moto, na ile risasi iliyolia.

Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ya tatu."

"Na sahihi ulitia siku ya ngapi?"

"Ya tano."

Akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Ndipo akasema polepole, "Kile kiburi chako cha oili ningekusamehe leo hii, Shija. Zile siku mbili, sijui."

Nikasimama niondoke, akaniambia nikae. "Kalamu unayo? Mke wangu yuko kwao anauguza mama yake, hajajua kitu. Mwaka jana ndio nimejifunza kuandika, darasa la watu wazima, na barua yangu ya kwanza ilikwenda kwake. Hii ya pili andika wewe. Mweleze kwa nini si mwandiko wangu."

Nikaandika, baba. Sikuficha kitu. Alitaka nimsomee mara mbili, na jina langu aliniambia niliandike kwa herufi kubwa. Nilipomaliza nikasema, "Kwaheri, kaka." Hakuitikia.

Kesho nashuka wilayani kuitangua sahihi yangu. Huenda nikafukuzwa kazi, huenda nikashtakiwa. Msishangae mkiniona nashuka garimoshi Tabora na sanduku langu, na mkinikosa, mama asilie.

Mnisalimie dada Kulwa na mumewe, mjomba mfuga nyuki, na mwalimu wangu wa zamani hapo kijijini. Na mniombee. Siwaambii mniombee nisifungwe. Mniombee siku moja nimsalimie Luvanda, na yeye aitikie.

Ni mimi mwanao,
Shija