Kipa Aliyeona Haya Kumwita Shangazi kwa Jina

Mwalimu wangu mpendwa,

Alasiri hizi nikijinyoosha kitandani baada ya kazi, huwa nakusikia ukiniita. Si ndoto hasa. Ni pale kati ya usingizi na kuamka, feni inazunguka, ndege inashuka juu ya mabati ya Changamwe na ukuta unatetemeka kidogo. "Mishi! Mishi! Mishi!" Mara tatu, kama siku ile. Nazinduka ulimi mzito, na chumbani hamna mtu.

Unaukumbuka uwanja wetu wa Likoni, nusu mchanga nusu majani? Mimi huuona kwa jua la saa kumi, vumbi limeelea hewani halitaki kutua, nawe umejifunga leso kiunoni, filimbi shingoni, gongo la hoki mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulinivika helmeti na zile pedi nene za miguuni, ukanisimamisha golini. "Wewe ndiwe macho yao," ukaniambia. "Wao wakupa migongo, hawaoni nyuma. Waite."

Nikashindwa. Hatari niliiona vizuri, lakini mabeki wangu walikuwa Dada Mwanatumu, muuza mahamri aliyenizidi miaka kumi, na Shangazi Bizume, dada wa baba, toka nitoke. Mtoto wa Likoni amwite shangazi yake kwa jina kavu, tena kwa kelele, mbele za watu? Katika mechi ya kwanza mshambuliaji alimpita Shangazi upande wa kushoto, nami nikaanza kwa adabu zangu zote: "Shangazi, samahani, hapo kushoto kwako kuna..." Mpira ulikuwa umeshalala wavuni.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukatukusanya.

"Ndani ya mistari hii hapana shangazi wala dada. Mishi akiita, ni jina tupu. Na mwenye kuitwa huitika abee, halafu asogee. Mechi ikisha, Mishi atampitia kila mmoja wenu amwamkie. Heshima haendi nayo mtu, yawangoja hapo nje."

Shangazi alininunia siku mbili. Siku ya tatu nilipiga moyo konde nikaita, "Bizume, kushoto!" Sauti ilinitetemeka kama ya mwizi. Naye akajibu, "Abee!" akasogea, mpira ukaishia kwenye gongo lake. Tangu hapo kila nilipoita, abee zilinijia kutoka kila pembe, na mimi nikawa nasimama golini kama mtu aliyekaa barazani kwao. Mechi ikiisha nazunguka na jasho langu, shikamoo Shangazi, shikamoo Dada, nao wananifuta uso kwa leso zao. Sijawahi kupendwa vile tena, Mwalimu.

Watu wakaanza kuniita mikono ya dhahabu. Nami, mjinga wa Mungu, nikaamini. Siku tuliyotwaa kombe walinibeba juujuu uwanja mzima. Waliponitua ulinivuta kando, ukazigeuza pedi zangu juani.

"Zitazame. Leo mpira umezigusa mara tatu. Mingine yote wameila wenzio kwa miguu yao. Kaitazame miguu ya shangazi yako."

Sikwenda kuitazama. Wallahi nilikasirika. Timu moja ya Changamwe ilikuwa ikinitaka, nikasema nitakwenda, ili ujue mikono ni ya nani. Nilipojitwika begi kutoka uwanjani uliniita kwa jina, mara tatu. Nilisikia vizuri sana. Sikuitika.

Huko nilifungwa saba mechi ya kwanza. Mikono ilikuwa ile ile. Niliita mpaka koo likakauka, lakini kila beki alikuwa na mchezo wake, na kocha alikaa kivulini na simu yake. Baada ya msimu mmoja tu wakaniweka benchi. Kila wiki nikawa najiambia kesho nitavuka nije Likoni nikuombe radhi. Kuvuka ni dakika chache, lakini aibu ilikuwa nzito kuliko feri. Habari ya kifo chako ilinifikia kabla sijavuka.

Leo mimi ndiye kocha wa timu ile ile iliyoniweka benchi. Kipa wangu ni Mercy, binti wa dereva wa trela wa Kipevu, ana miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita tulifungwa sita, na nahodha wangu Chebet, ambaye ni beki, alinijia amefura. "Manze kocha, huyu kipa anatuchoma. Tafuta mwingine."

Nikaandika orodha ya mechi ya marudiano bila jina la Mercy. Niliona ndiyo kazi ya kocha. Mwenyewe alikuwa pembeni anafuta helmeti yake polepole mno. "Ukinitoa sitakasirika, Kocha," akasema. "Lakini gongo sitalishika tena."

Pedi zake zilikuwa zimeegemea ukuta, jua limezipiga. Nikazigeuza. Hazikuwa na mahali palipobaki bila alama ya mpira. Nikazitazama kwa muda mrefu, Mwalimu, na nilikuona umesimama na leso yako kiunoni. Orodha nikaichana.

Nikawafundisha lile lako. Walicheka sana, maana wengi ni wa bara, na Chebet aliitika "abee" kwa kubana pua, kama bi harusi wa kwenye mchezo wa redio. Nikawaacha wacheke. Wiki ya pili alianza kusogea kabla hajamaliza kubana pua, na wiki ya tatu akasahau kuibana.

Jumamosi tulikutana na wale wale waliotufunga sita. Kipindi cha pili ndege ilipita chini juu yetu, dunia nzima ikawa kimya ndani ya ile kelele. Nilimwona Mercy anapanua mdomo. Nikauona mdomo wa Chebet ukiitika, kisha miguu yake ikaenda kushoto, polepole kama ya mtu aliye chini ya maji, na mpira ukagonga gongo lake. Sikusikia neno hata moja, na niliwasikia wote.

Tulifungwa moja bila. Filimbi ya mwisho ilipolia Mercy alivua helmeti akaanza kuzunguka. "Shikamoo, Chebet." Wamepishana miaka mitatu tu. Chebet akasema marahaba, akamfuta jasho kwa jezi yake mwenyewe. Nililia hadharani na sikuona haya.

Niliujua ukweli siku ile ile, Mwalimu. Niliujua begi likiwa begani, na ndiyo sababu sikuweza kugeuka. Mikono yangu ilikuwa na watu mbele yake, na wewe ukiwa pembeni mwa uwanja. Nisamehe.

Leo alasiri nimejilaza tena, na umeniita mara tatu. Nimejibu kwa sauti, mpaka jirani akauliza kupitia ukuta kuna nini.

Mungu akulaze pema. Na ile miito mitatu uliyoiacha ikining'inia pale uwanjani Likoni, naijibu sasa:

Abee, Mwalimu.

Kipa wako,
Mishi