Nilizipima Boriti Hadi Zikalia

Mabatini, Mwanza
Jumatatu, 11 Novemba 2024
Leo ni miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke nyumbani.

Shangazi Selina, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nikikatiza katikati sitaandika tena. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, shule niliachia darasa la tano, nyumbani ni Rorya ukingoni mwa ziwa, nina mke anaitwa Akelo na watoto watatu, na huku Mwanza nafanya kazi kwenye karakana ya mbao ya Mzee Revocatus, nashusha mbao kwenye malori, napiga randa, nafagia vumbi, jioni mgongo unakuwa kama wa mzee wa miaka themanini.

Kitu kimoja Mungu alichonipa ni mikono ya kuunda mashine. Ile ya kukereza miguu ya vitanda niliiunda kwa mota ya pampu ya maji na gurudumu la cherehani, na mpaka leo inafanya kazi. Mwaka jana nikaunda ya kupima nguvu za mbao. Nilipata vyuma vya chesisi ya lori, vikachomelewa vikawa fremu kama ya mlango, chini nikaweka magogo mawili ya kulazia boriti, moja huku na moja kule, na juu ya boriti, katikati, nikasimamisha jeki ya lori inayojisukuma kwenye chuma cha juu. Ukipampu jeki, boriti inapinda kwenda chini. Nilikuwa napampu polepole huku nimetega sikio, na mti ukianza kulia, ule mlio kama mtu anakanyaga majani makavu, basi nasimama, naachia jeki, na boriti ikinyooka tena naipaka alama nyekundu palepale jeki iliposimama, maana yake imepimwa na imeshinda. Ikivunjika inakwenda kwenye kuni.

Shangazi, watu walikuwa wanakuja kutazama kama wanatazama mpira. Mama lishe wa jirani, Teodora, alikuwa anaacha sufuria jikoni anapiga kelele, "Ongeza, Okal! Hiyo bado haijalia!" Ikafika mahali wateja hawataki boriti nyingine, wanasema nipe iliyolia ikanyamaza. Mzee Revocatus ambaye alikuwa ananiita "wewe" akaanza kuniita fundi. Na mimi sikuwadanganya, niliamini, maana nilijiambia kitu kilichopata taabu kikastahimili ndicho cha kutegemea, nikakifananisha na mimi mwenyewe.

Mwezi wa nne kanisa letu kule nyumbani walikuwa wanajenga roshani ya kwaya, ndani, juu ya mlango wa kuingilia, nikawatumia boriti nane zenye alama nyekundu kwa lori lililokuwa linafuata dagaa. Fundi wa kule ni Otuoma, kaka yake Akelo. Alipozipokea akanipigia simu.

"Shemeji, hizi mbao umezifanya nini? Nikigonga hapa katikati hainijibu vizuri."

Nilikuwa nimeweka sauti kubwa, karakana nzima inasikia. Nikamwambia, "Ulitaka ikujibu nini, marahaba? Wewe endelea kugongagonga kama mganga, sisi huku tunapima kwa mashine." Watu wakacheka sana.

Akasema, "Sawa, mtu wa mjini," akazipandisha. Na alama nyekundu akazigeuza zitazame chini, kwa sababu mchungaji alisema waumini wakiinua macho waone kazi ya mtoto wao. Akelo akaniambia wanawake sasa wanamwita Mama Boriti. Nilicheka mpaka machozi, maana kwa miaka hiyo yote sikuwa nimewapa kitu kingine cha kunikumbuka.

Sasa mwezi uliopita dari la kuhifadhia mahindi kwenye stoo ya bwana Mihayo kule Usagara lilianguka, naye alikuwa chini, akavunjika nyonga. Boriti zilitoka kwetu. Nilikwenda kutazama, nikaikuta boriti imekatika pale kwenye alama nyekundu, na naye alikuwa ameigeuza itazame chini ili wageni waione. Haikuchanika nyuzi ndefu kama mti mzima unavyovunjika, ilikatika mkato mfupi kama muhogo mkavu. Nilichukua kipande nikarudi nacho, nikakipiga randa taratibu upande wa alama, na chini ya rangi nikaona mstari mwembamba umekatisha ubao, kama mkunjo wa shati lililokunjwa muda mrefu. Nikachukua boriti nyingine yenye alama, nikapiga randa, mstari upo. Nikachukua isiyopimwa, mstari hakuna. Nikaigeuza ile iliyopimwa, alama chini, upande unaovutwa boriti ikipinda, nikaiweka kwenye mashine, na kabla mkono haujachoka ikakatika. Nikakaa chini kwenye vumbi. Mti ulipokuwa unalia, Shangazi, ulikuwa unaumia, na mimi nilikuwa nauumiza halafu naupaka rangi ya kuusifu.

Nilimweleza Mzee Revocatus. Akasema, "Mtu amepakia magunia mpaka kwenye bati, wewe unajitafutia kosa la nini? Funga mdomo, piga randa."

"Na mashine, mzee?"

"Mashine iendelee. Watu wanaipenda."

Nilikwenda peke yangu kumwona Mihayo nyumbani kwake, nikasema nimetoka karakana kumpa pole. Amelala kitandani, akanishika mkono akasema, "Boriti yenu haina kosa, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyeongeza magunia mawili." Mkewe Winnie akadakia, "Nilimwambia! Nikamwambia baba, yatosha! Mtu mwenyewe hasikii." Mihayo akaangalia ukuta. Wakanikaribisha chai na michembe ya viazi vikavu, nikanywa, nikala, nikaaga, sikusema neno.

Roshani itafunguliwa Jumapili tarehe moja Desemba. Kwaya ni watu arobaini, na kwaya zetu unazijua, hawaimbi wamesimama tuli. Akelo ni mstari wa mbele, na binti yangu Favour ameingizwa mwaka huu. Chini ya roshani, karibu na mlango, ndiko wanakopenda kukaa bibi wazee kwa sababu ya upepo. Kila siku natoa simu mfukoni nampata Otuoma kwenye majina, halafu nairudisha. Nikisema, basi yule niliyemwita mganga alikuwa anajua na mimi sikujua, na kile kitu kimoja walichonisifia nyumbani ndicho kinachotaka kuwaua. Nimefikiria nimwambie aweke nguzo mbili chini, aseme ni za urembo. Au nisubiri nifike mwenyewe nizikague kimya kimya. Nishauri.

Natarajia kurudi nyumbani tarehe ishirini Desemba, karakana ikifungwa, Mungu akipenda.

Mimi,
Mpima Mbao

MAJIBU YA SHANGAZI SELINA

Marahaba, Mpima Mbao.

Barua yako niliipata Alhamisi, na ukurasa huu wa gazeti hutoka Jumapili. Nilipofika kwenye tarehe yako ya kurudi niliiweka mezani nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Tarehe ishirini Desemba! Kwaya inapanda tarehe moja, wewe ufike karibu wiki tatu baadaye ukague nini?

Umekubali wasomaji wajue tulichoongea, kwa hiyo nakiandika kama kilivyokuwa. Uliniambia, "Nipe mpaka Jumapili, Shangazi, nipange maneno." Nikakuuliza maneno gani, mbona ni manne tu: mtu asipande huko juu. Ukasema shemeji yako atakucheka. Acha akucheke. Wewe ulimcheka kwanza, tena mbele ya watu, na yeye akakuamini akapandisha boriti zako.

Zile nguzo za urembo usinitajie tena. Nguzo ambayo watu hawajui kazi yake itaondolewa na mzee wa kanisa wa kwanza atakayesema inamzuia kuona madhabahu.

Nakupa pole, na ni pole ya kweli. Hukukusudia kumuumiza mtu. Wangapi wangekiokota kile kipande cha Usagara wakakipiga randa kutafuta kosa lao wenyewe? Wengi wangekichoma. Lakini siku uliyouona ule mstari, kutojua kwako kuliisha. Tangu siku hiyo kila asubuhi uliyoirudisha simu mfukoni ni ya kwako, si ya Mzee Revocatus.

Ulinipigia baada ya saa moja. Ulikuwa umempata Otuoma. Uliniambia alisema hivi: "Miezi saba hunipigii, leo unapiga kuniambia nivunje roshani?" Halafu akauliza, "Ngapi?" Ukamwambia zote nane. Akasema, "Jumamosi hii kwaya walikuwa wanapanda kufanya mazoezi. Ngoja nikachukue ufunguo kwa mchungaji." Akakata simu. Hakukucheka, na ukaniambia ingekuwa nafuu angecheka.

Jumamosi, Okal. Na wewe ulikuwa unaniomba mpaka Jumapili.

Sasa yaliyobaki, na hapa sina upole. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa useremala, fundi Jonathan, kuhusu hiyo mashine yako. Alisema imeundwa vizuri, kosa ni la kazi uliyoipa. Mbao iliyopimwa hadi ikalia haiuzwi. Unakata kipande kwenye ubao uleule, unakivunja kabisa, unaona kimebeba kiasi gani, unakitupa kwenye kuni, na ndugu zake waliobaki unawabebesha mzigo mdogo kuliko huo, mdogo sana. Mwambie hivyo Mzee Revocatus. Akikataa, toa jeki yako uondoke nayo. Atakufukuza, ndiyo, najua una watoto watatu. Mgongo uliobeba mbao Mabatini utabeba mbao kwingine.

Mpigie Akelo leo, kabla gazeti halijamfikia. Wale wanaomwita Mama Boriti wataendelea kumwita hivyo, kwa sauti nyingine, na ni haki yake kusikia sababu kutoka kwako, si kisimani.

Kesho Jumatatu asubuhi nenda Usagara. Usipeleke sukari wala maneno marefu. Mtu yule amelala na mfupa uliovunjika na juu yake amebeba kosa lisilo lake, na kila siku mkewe anamkumbusha. Mwambie si magunia mawili, ni boriti, na aliyeiharibu ni wewe. Sema Winnie akiwa anasikia. Kama watakufukuza, ondoka. Kama watataka ushtakiwe, waambie jina lako kamili na unapokaa.

Jumanne panda basi la kwenda nyumbani. Otuoma atashika ncha moja ya kila boriti, wewe ushike nyingine, mzishushe zote nane. Kwaya wataimba wamesimama sakafuni mwaka huu. Ukimaliza rudi Mwanza, kwa sababu kuna kazi hujaifanya.

Nilikuuliza umeuza boriti ngapi zenye alama, ukasema hujui, labda sitini, labda zaidi, na wanunuzi hukuwauliza majina. Hao hawawezi kuonywa na mtu anayejiita Mpima Mbao. Nilikuambia hivyo, ukasema niandike jina lako kamili. Naliandika. Anaitwa Okal Ogweno, fundi wa karakana ya mbao ya Mzee Revocatus, Mabatini.

Wewe msomaji uliyenunua boriti pale tangu mwaka jana, inua macho sasa hivi utazame dari lako, stoo yako, kibanda chako. Ukiona alama nyekundu katikati ya boriti, toka chini yake, toa watoto, shusha mzigo uliopo juu, simamisha nguzo imara palepale kwenye alama, kisha piga namba iliyochapwa chini ya ukurasa huu. Ni yake. Atakuja mwenyewe kuitoa.

Watakupigia wengi, Okal, na wengi watakutukana kabla hawajakuelekeza njia. Sikiliza matusi, uliza njia, nenda. Simu usiizime.