Nilisukwa Kando ya Barabara

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia hapa Gungu, marahaba. Mama yako amerudi kutoka Ilagala na samaki, migebuka, sote tu wazima. Mjomba wako anasema urembo na uhusiano wa umma unavyosomea huko chuoni si masomo. Nimebishana naye mpaka ugali ukapoa, maana kazi hizo mbili nilizifanya kwa siku moja kabla hajazaliwa.

Miaka ile wakimbizi walipovuka ziwa kutoka Kongo, nilimwajiri mmoja wao katika saluni yangu, Furaha, msusi aliyenizidi kwa mbali. Wateja wakagoma: "Mikono ya kambini isiniguse kichwa!" Saluni ikabaki tupu, na Furaha akaanza kufunga mzigo wake.

Nikatandika mkeka nje, kando ya barabara ya sokoni, nikakaa kati ya magoti yake. "Nisuke hapa, wakuone."

Mteja wangu, Mama Hadija, akasimama. "Bibie, utapata chawa!"

"Chawa wangu wanachagua, mama," Furaha akamjibu bila kuinua macho. "Nywele zako hizo hawazitaki."

Wapita njia wakacheka, na Mama Hadija akacheka kuliko wote. Mistari ya nywele ilipokamilika, alinizunguka akiikagua, kisha akaingia saluni na kuvua mtandio. "Haya, Furaha, njoo. Nina harusi Ujiji."

Unaniuliza uanzie wapi katika kazi hizo mbili. Mimi nilianza na kichwa changu mwenyewe.

Ile picha yako ukizungumza mbele ya darasa, umesuka mistari ileile, nimeibandika ukutani mkabala na kiti cha mjomba wako. Ale huku akikutazama.

Bibi yako anayejivuna kwa ajili yako